Pikapu ya mnada isimeze akiba ya wahami wa Bulengera

BULENGERA, Butembo – Likibandikwa tangazo kwamba shirika fulani litauza magari yake ya zamani kwa mnada, habari inatembea upesi kutoka kartie moja hadi nyingine. Vijana wanakwenda kuchungulia kwenye uzio. Fundi wa garaji anaulizwa maoni njiani, bila hata kununuliwa chai. Na ndani ya vikundi vya akiba, zile AVEC ambamo wakaaji na wahami wameweka pesa kidogo kidogo kila juma, swali linalotokea ni moja: tutoe ngapi?

Swali ni zuri. Ubaya uko kwenye jibu ambalo watu wengi wanalitoa: "Tutoe yote tuliyonayo, ili tusishindwe."

Jibu hilo linapaswa kupingwa waziwazi, kabla mnada mwingine haujafunguliwa. Bei ya pikapu kuukuu haitoki ndani ya sanduku la kikundi. Haitoki pia mdomoni mwa jirani anayejua kila kitu. Inatoka kwenye kazi ambayo gari hilo litaweza kufanya, ukiisha kuondoa kila kitu litakachokula. Na yule muuzaji ambaye hasemi kama gari lina deni la duane anauza mbuzi ndani ya gunia, hata kama jina zuri la msaada limeandikwa kwenye lango lake.

Bei inapandia wapi?

Kuna sababu mbili zinazofanya pikapu nyeupe ionekane kama dhahabu machoni pa mtu wa Butembo.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Katwa na Butembo ziliumia sana. Katika miaka ile watu waliona magari ya kukodi yakilipwa kwa dola, siku baada ya siku. Aliyekuwa na gari zima alipata kazi. Tangu hapo wengi wanasema gari ni pesa. Wanasahau kwamba mwenye kukodi aliondoka ugonjwa ulipokwisha. Leo pikapu ya Bulengera haitaamka kusubiri mkataba wa ofisi. Itaamka kubeba kabichi, mihogo, makaa, mbao na mizigo ya wanawake wa soko, na mteja huyo analipa kwa franka anazozihesabu mara mbili.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na hakuna mwenye haki ya kuicheka. Ni hofu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF yamewatoa watu vijijini katika wilaya ya Beni. Tangu 2024 watu wa Bapere, upande wa Manguredjipa, nao wamekuwa wakikimbilia Butembo. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23, na familia kutoka kusini mwa Lubero zikapanda kaskazini. Mwezi wa Januari 2025 Goma nayo ikaanguka. Ndani ya Bulengera kuna nyumba moja inayolala familia tatu. Mama aliyetembea siku mbili na mtoto mgongoni, na mkwe mgonjwa akimshika mkono, akiona pikapu haoni biashara. Anaona njia ya kutoka siku risasi zitakapolia tena.

Hofu hiyo ni ya haki. Lakini hofu haijui kuhesabu. Gari lililonunuliwa kwa pesa zote, likakosa pesa za betri na za mipira, halitamwokoa mtu siku hiyo. Litakuwa limesimama uani kuku wakilala chini yake. Kikundi kitakuwa hakina gari, na hakitakuwa na pesa za kulipia nafasi kwenye gari la mtu mwingine.

Kushinda mnada kunaweza kuwa kupoteza

Hebu chukua gunia la maharagwe lililofungwa, liweke katikati ya soko, waite watu kumi. Hakuna mzani. Kila mmoja akisie kilo, aandike bei kwenye karatasi, aikunje. Wapo watakaokisia chini, wapo watakaokaribia ukweli, na wapo watakaokisia juu. Nani atachukua gunia? Ni yule aliyekisia juu kuliko wote. Maana yake ni kwamba gunia halikupewa mwenye akili kuliko wengine. Lilipewa aliyekosea zaidi kwa upande wa kulipa.

Mnada wa bahasha iliyofungwa unafanya kazi hivyo hivyo. Jambo hili si hadithi ya barazani. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta Atlantic Richfield, huko Marekani, waliandika kwamba kampuni zilizokuwa zikishinda minada ya sehemu za kuchimba mafuta baharini zilikuwa zikipata faida ndogo kuliko zilivyotegemea, kwa sababu mshindi alikuwa ni yule aliyekisia kupita kiasi. Mwaka 2020 wataalamu wawili, Paul Milgrom na Robert Wilson, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yao juu ya minada. Ikiwa makampuni yenye wahandisi na mashine za kupima chini ya bahari yalinaswa na mtego huu, kikundi cha familia 30 chenye daftari moja na kalamu moja kinapaswa kuwa na woga wake.

Mnada wa kupaza sauti una mtego wa namna nyingine: kiburi. Pale mtu anasikia bei ya mwenzake. Anajua jina lake, anajua kartie anapotoka, na labda kuna maneno ya zamani kati yao. Anaongeza dola 100 ili yule asichukue. Saa hiyo haununui gari tena, unanunua macho ya watu. Na macho ya watu hayabebi gunia hata moja kutoka shamba.

Hesabu ifanywe nyumbani

Mfanyabiashara wa Butembo anajulikana mbali. Anakwenda Kampala, Dubai na Uchina, anarudi na mali kupitia Kasindi. Mtu huyo hanunui hata katoni moja bila kuhesabu usafiri, duane, ghala na muda wa kuuza. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akisimama mbele ya Hilux ya zamani anasahau ufundi wake wote, anaanza kuuliza, "Wengine wanatoa ngapi?"

Hebu hesabu ifanywe kwa mfano. Namba hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke zake, kulingana na njia yake na mzigo wake.

Kikundi cha familia 30, kila familia ikiweka dola 2 kwa juma, kinafikisha dola 3,000 katika majuma 50. Kinataka pikapu ya kuleta mazao sokoni. Iwe safari moja kwa siku inaingiza dola 45. Mazuti yanachukua 18. Shofere na msaidizi wake wanachukua 8. Vizuizi na malipo ya njiani yanachukua 4. Zinabaki 15. Gari likifanya kazi siku 20 kwa mwezi, hizo ni dola 300. Lakini gari kuukuu halikai mwezi bila kuomba kitu: leo springi, kesho breki, keshokutwa pampu. Weka pembeni dola 120 kila mwezi. Zinabaki 180.

Sasa fundi aulizwe kwa ukweli: gari hili litakwenda muda gani kabla mota haijafunguliwa yote? Akisema miezi 18, basi kazi yake yote ni 180 mara 18, yaani dola 3,240. Mwishoni likiuzwa kwa vipande, iwe dola 800. Jumla ni 4,040.

Hapo ndipo wengi wanasimama na kufurahi: "Kumbe lina thamani ya dola 4,000! Tutoe 3,000 zetu, tutapata faida." Hapana. Hesabu haijakwisha. Ondoa duane na karatasi, iwe dola 900. Ondoa matengenezo ya kuanzia, yaani mipira minne, betri, breki na springi, dola 850. Ondoa kulivuta hadi garaji, dola 50. Weka akiba ya jambo lisilotazamiwa, dola 500. Hizo ni 2,300. Zinabaki 1,740.

Na kwa bei ya 1,740 kikundi kitafanya kazi miezi 18 bila kupata kitu. Kitarudishiwa pesa zake tu, tena kwa jasho. Kikitaka faida ya dola 500, ambayo ni chini ya dola 17 kwa familia kwa mwaka mmoja na nusu, bei yake ya mwisho ni dola 1,240.

Tena mvua bado haijahesabiwa. Kila mtu wa Bulengera anajua barabara za mashambani zinavyokuwa katika miezi ya mvua nyingi. Gari likifanya siku 12 badala ya 20, kwa miezi sita tu kati ya 18, kila mwezi wa namna hiyo unapoteza dola 120. Kwa miezi sita ni 720. Bei ya mwisho inashuka kutoka 1,240 hadi 520.

Dola 520, kwa gari ambalo watu wako tayari kuandikia 3,000. Huo ndio umbali ulioko kati ya kalamu na tamaa. Kikundi kinaweza kubishana na namba hizi. Kinaweza kusema kina safari mbili kwa siku, au kina fundi ndani ya familia, au kitapata mzigo wa kwenda na wa kurudi. Vizuri. Kiandike, kihesabu upya, kipate namba yake. Kitu kisichokubalika ni kuingia kwenye mnada bila namba yoyote.

Kuna hatari moja ambayo haiingii vizuri katika hesabu, na isisahauliwe. Magari yamechomwa kwenye barabara za eneo hili, upande wa Beni–Kasindi na upande wa Komanda. Asiranse ya kawaida haifanywi kwa ajili ya vita. Kikundi kinachoweka pesa zote katika gari moja, halafu kinalituma njia yenye hatari kwa sababu njia hiyo inalipa zaidi, kimeweka juu ya gari hilo pesa za familia 30 pamoja na maisha ya shofere. Hakuna bei ya mnada inayolipa hayo.

Deni ambalo fundi hawezi kulisikia

Wauzaji wana sentensi moja wanayoipenda: gari linauzwa kama lilivyo. Maana yake, ukiisha kulipa usirudi kulalamika.

Kuhusu mota, sentensi hiyo inaweza kukubaliwa. Gari kuukuu ni gari kuukuu. Mnunuzi ana macho, ana pua, na anaweza kuja na fundi. Fundi atafika asubuhi, mota ikiwa baridi, kwa sababu mota iliyopashwa moto mapema inaficha magonjwa. Atavuta kijiti cha mafuta. Akiona mafuta yamekuwa kama maziwa, atajua maji yameingia. Atatazama moshi: wa buluu ni mafuta yanaungua, mweupe usiokwisha ni maji. Atalala chini kutafuta ufa na kutu kwenye shasi, maana barabara za huku zinavunja shasi kabla ya kuvunja mota. Atajaribu gia ya magurudumu manne. Atasugua namba ya shasi kwa kitambaa, ailinganishe na ile ya kwenye karatasi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, anayeweza kutega sikio kwenye mota akasikia deni la duane.

Na deni hilo lipo mara nyingi. Mashirika ya misaada yanaweza kuingiza magari yao bila kulipa ushuru. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, juu ya mashirika yasiyo ya faida, inafungua njia ya misamaha hiyo. Msamaha unapewa shirika kwa ajili ya kazi yake. Haupewi gari lifuate nalo kila mahali. Siku gari linapouzwa kwa mtu wa kawaida, linatoka chini ya mwavuli ule, na duane, inayoongozwa na sheria ya tarehe 20 Agosti 2010, inakuja kuuliza haki yake. Juu ya ushuru inakuja TVA ya asilimia 16. Halafu kadi rozi, plaki, vinyeti, asiranse. Bila hayo, pikapu ni jiwe lenye magurudumu. Ikitoka barabarani itakamatwa kwenye kizuizi cha kwanza, na kila kizuizi kitakuwa na bei yake.

Sasa nani analipa? Muuzaji au mnunuzi? Pale ambapo tangazo liko kimya, mnunuzi anafikiri bei aliyoitoa imemaliza mambo. Muuzaji anafikiri deni limehama pamoja na funguo. Katikati ya mawazo hayo mawili kuna familia zitakazofungiwa gari uani mwezi baada ya mwezi, zikitembea kutoka ofisi moja hadi nyingine na bahasha ya karatasi zisizokamilika.

Hapa ndipo lawama inapopaswa kuwekwa wazi. Shirika lililoingiza gari bila ushuru lilifanya hivyo kwa jina la watu wanaoteseka. Haliwezi, mwishoni, kuuza gari hilo kwa watu hao hao huku likiwaficha mzigo wa ushuru ule ule. Ikiwa msamaha ulikuwa kwa ajili ya wahami, basi kunyamaza siku ya mnada ni kuwatoza wahami msamaha uliotolewa kwa jina lao.

Wanaopinga wanasema nini?

Wapo watakaosema: kwa bei ya dola 520, au hata 1,240, kikundi cha wahami hakitapata gari milele. Inawezekana. Kama gari lina thamani kubwa kwa mtu mwingine, mwenye garaji yake, vipuri vyake na shofere wake, basi alichukue. Kukosa gari lisilolipa si hasara. Kikundi kinarudi nyumbani na dola 3,000 zake zote. Kinaweza kukodi gari kwa siku za soko tu. Kinaweza kupatana na mwenye gari, kimpe mzigo wa uhakika naye apunguze bei. Kinaweza kununua mbegu au mashine ya kusaga. Pesa iliyoko sandukuni ina miguu mingi. Pesa iliyoko ndani ya mota iliyokufa haina hata mmoja.

Wengine watasema: pikapu kama ile, barabarani, inauzwa dola 8,000. Ile inayouzwa kwa bei hiyo ina karatasi, inatembea, na mwenye kuiuza anajulikana nyumbani kwake. Ile ya mnada haina yote matatu. Hivyo ni vitu viwili tofauti vilivyopakwa rangi moja.

Na wauzaji watasema: tukiandika kila kasoro na kila deni, bei itashuka, na pesa hizo zinarudi kwenye kazi ya kusaidia. Hoja hii inasikika kama ya wema, lakini maana yake ni kwamba bei nzuri inapatikana kwa kumfanya mnunuzi asijue. Tena si kweli kwamba ukweli unashusha bei siku zote. Mnunuzi mwenye busara akikuta giza anapunguza bei kwa ajili ya giza hilo, au habaki kabisa. Wanaobaki ni wasiojua na wenye kubahatisha. Muuzaji anayesema yote anawavuta watu wa makini, na watu wa makini wanalipa bila kugombana baadaye.

Kinachopaswa kufanyika

Sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia ndani yake mwaka 2012, zinataka mali iliyokamatwa kwa ajili ya deni iuzwe hadharani, na tangazo liwekwe mahali watu wanapopita. Ikiwa mdaiwa aliyeshindwa kulipa analindwa hivyo, kwa nini mnada wa shirika ujulikane tu na wale wanaoingia ndani ya lango?

Basi, kwanza, kila muuzaji wa magari ya zamani abandike karatasi moja kwa kila gari, majuma mawili kabla ya mnada: namba ya shasi, mwaka wa gari, hali ya duane, nani atalipa ushuru, kasoro zinazojulikana na bei ya kuanzia. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya komini ya Bulengera na kwenye masoko, isomwe redioni kwa Kiswahili na kwa Kinande. Muuzaji atoe siku mbili za kuja na fundi na kuwasha mota baridi. Na aandike kwamba, kama karatasi za gari hazitoki katika muda uliopangwa kwa kosa lake, pesa zinarudi zote.

Pili, duane na viongozi wa mji waweke meza moja ambapo mtu anaweza kupeleka namba ya shasi kabla ya mnada na kuambiwa deni ni kiasi gani, kwa maandishi. Serikali inayojua kudai baada ya mauzo inaweza pia kusema kabla ya mauzo. Kama haiwezi, basi watu watakuwa na haki ya kufikiri kwamba kuna wanaokula katika ukimya huo.

Tatu, vikundi vyenyewe. Lawama isiende kwa wakubwa peke yao. Mkutano wa kikundi uketi kabla ya mnada, si baada. Hesabu isomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, ili hata mama asiyejua kusoma aweze kuuliza, "Na mvua je?" Kuuliza si ujinga. Namba ya mwisho iandikwe, itiwe sahihi na wanakamati, na mtu mmoja tu apewe kazi ya kuipeleka. Mtu huyo asiwe na ruhusa ya kuongeza hata dola 5, awe amechekwa au amesifiwa. Na nusu ya akiba ya kikundi isiguswe kabisa, kwa sababu watu waliokimbia mara moja wanajua kwamba siku ya kukimbia inakuja bila tangazo.

Mnada utafunguliwa tena. Pikapu nyeupe zitapangwa tena uani, zimeoshwa, zinang'aa, alama za zamani zimebanduliwa milangoni. Watu watauliza tena wengine wanatoa ngapi. Kikundi chenye karatasi yake mfukoni hakina haja ya kuuliza. Kikishinda kwa namba yake, kitakuwa kimenunua gari ambalo kimeliacha na pesa za kulifanya litembee. Kikishindwa, mwekahazina atarudi nyumbani jioni hiyo na sanduku lile lile, na ndani yake dola 2 za kila familia, za kila juma, bila hata moja kupungua.